Siku za Mnunuzi ni Ngapi?

Masomo: Yoshua 7; Zaburi 50:18; Mithali 20:14; Luka 19:1–10



Jumapili Mchungaji alitufundisha kutoka Nehemia, jinsi watu wa Yerusalemu walivyojenga ukuta kila mtu mbele ya nyumba yake, mkono mmoja ukifanya kazi na mwingine ukishika silaha. Baada ya ibada, maongezi pale nje yalikuwa ya pampu ya maji iliyong'olewa usiku, ya kondoo watatu waliopotea, na ya sola iliyobanduliwa juu ya mabati wenyewe wakiwa wamelala ndani. Mmoja akasema tuongeze vijana wa zamu. Mwingine akasema taa. Mwingine akasema hawa watu dawa yao ni moto tu, na vichwa vingi vikaitikia.

Kuhusu zamu na taa sina ubishi. Kuhusu moto nitasema mbele kidogo. Lakini kuna swali moja ambalo sikulisikia likiulizwa na mtu yeyote: hiyo pampu iko wapi saa hii?

Pampu hailiwi. Kijana anayeing'oa saa nane za usiku hana kisima wala shamba la kumwagilia. Sola tatu hawezi kuziweka kwenye chumba cha kukodi chenye balbu moja. Anaziiba kwa sababu anajua, kabla hata hajaruka ua, ni nani atazichukua na kwa pesa ngapi. Kama hangekuwa na hakika hiyo, angekuwa amelala. Wale wanaonitania kwamba kila somo langu lina digrii ya biashara ndani watanivumilia tena leo. Wizi ni biashara, na biashara haianzi na bidhaa, inaanza na mteja. Mwizi ni wa kuleta mzigo tu. Mteja ndiye anayeamua kama kesho kutakuwa na kazi.

Na mteja huyo hakai mbali. Pampu iliyoibwa Longonot haipandi ndege. Inaishia shambani kwa mtu hapo chini, au Mai Mahiu, au Naivasha, kwa mtu mwenye familia na kitambulisho na jina zuri, mtu ambaye Jumapili anaimba vizuri kabisa.

Serikali yenyewe ilishalielewa jambo hili. Januari 2022 minara ya laini kubwa ya umeme ilianguka upande wa Embakasi, Nairobi, na karibu nchi nzima ikaingia gizani. Ikasemwa kwamba vyuma vya minara vilikuwa vimeibwa. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Hebu angalieni alipoanzia. Hakusimamisha askari chini ya kila mnara. Alifunga soko. Marufuku ile iliumiza watu wengi wasio na hatia, wakiwemo wale wanaookota makopo na misumari kwa gunia ili watoto wale, na miezi kadhaa baadaye iliondolewa. Sisemi ilikuwa haki kamili. Nasema hata Ikulu ilijua chuma kinang'olewa mnarani kwa sababu kuna mizani mahali inayokisubiri.

Sheria nayo inajua. Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, mtu akipatikana na kosa la wizi wa kawaida, adhabu ni kifungo cha hadi miaka 3. Lakini anayepokea mali ya wizi, kifungu cha 322, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Rudia kusoma hizo hesabu mbili polepole. Walioandika kifungu hicho hawakuwa wanahubiri, lakini walijua mzizi uko wapi.

Siku za mwizi ni arobaini, wazee walisema. Za mnunuzi wake je? Methali inanyamaza, na sisi pia tumenyamaza. Nimehudhuria mikutano mingi ya usalama, kwa chifu na hapa kanisani, na sijaona mkutano ulioitishwa kwa ajili ya wanunuzi.

Sasa najua mtu ataniambia, "Pasta, mimi sikuiba. Nilinunua kwa pesa yangu." Ni kweli, hukuiba. Na Sauli naye hakurusha jiwe hata moja siku Stefano alipouawa. Kazi yake ilikuwa kulinda nguo za waliorusha. Soma Matendo sura ya 7 na mwanzo wa sura ya 8, halafu nenda sura ya 22 uone Paulo akiwa mtu mzima katika Bwana, miaka mingi baadaye, bado anaitaja ile kazi ya nguo mbele za Mungu kama sehemu ya damu ile. Hakusema, "Mimi nilikuwa upande wa nguo." Na Zaburi ya 50 haimshtaki mtu kwa kuiba. Inamshtaki kwa kumwona mwizi na kuwa radhi naye.

Mwingine atasema, "Lakini sikujua ni ya wizi." Hapa inabidi tuwe waangalifu, kwa sababu wako ambao kweli hawakujua, na sitaki mtu mwenye moyo mwororo alale na hatia isiyo yake. Mtu aliyenunua simu dukani, akapewa risiti, na baadaye ikagundulika ilikuwa ya mtu, huyo amedanganywa. Ninayesema naye ni yule aliyenunua mtungi wa gesi uliojaa kwa bei ya chini ya gesi yenyewe, usiku, nyuma ya nyumba, kutoka kwa kijana aliyekuwa akiangalia barabarani kila pikipiki ikipita.

Nilipokuwa mwanafunzi nilifanya kazi likizo katika duka moja la hardware upande wa Naivasha. Mwenye duka hakuwa mtu wa kanisa, na sijui kama sasa ameokoka. Lakini alikuwa na sheria yake: kitu kipya kikiletwa na mtu wa mkononi kwa chini ya nusu ya bei ya jumla, uliza kimetoka wapi. Akikasirika kuulizwa, umeshajibiwa. Alipoteza faida nyingi kwa sheria ile. Nilimwona akirudisha waya wa shaba roli zima, na mwenye duka wa pili akauchukua papo hapo tukiangalia. Bei inasema. Ukisikia bei ya kutupa, hiyo bei imekuambia habari za kitu hicho, na ukiamua kutouliza zaidi, basi umejua. Kutouliza kwa makusudi ni njia moja ya kujua.

Sasa nifike pale ambapo swali ni gumu kweli, na mimi mwenyewe limenichukua muda. Si kila anayeuza bei ya chini ni mwizi. Tuko Longonot. Tumeona miaka ya ukame, tumeona mafuriko yaliyoua watu Mai Mahiu Aprili 2024, tumeona kandarasi za mashamba ya maua zikikatika ghafla. Mama anauza simu yake kwa sababu mtoto amefukuzwa shule. Baba anauza mbuzi wa mwisho kwa sababu ya hospitali. Kama kanisa lote likiamka kesho na kukataa kila kitu kinachouzwa mkononi, tutakuwa tumewafungia mlango maskini wa Mungu ili tumkomeshe mwizi. Hiyo nayo ni dhambi.

Lakini angalia mnunuzi anachosema. Ukimuuliza mbona alichukua sola ya shilingi elfu nane kwa elfu moja na mia tano, atakuambia, "Kijana alikuwa na shida, nikamsaidia." Haya. Tukubali kwamba kijana alikuwa na shida na sola ni yake. Basi wewe ulimkuta ndugu yako ameshikwa shingo na shida, ukachukua kitu chake kwa chini ya robo ya bei. Mithali 20:14 inamwonyesha mnunuzi anayekidharau kitu mbele ya muuzaji, kisha akienda zake anajisifu. Kwa hiyo chagua mwenyewe. Ama sola ilikuwa ya wizi na ulijua, ama haikuwa ya wizi na wewe ndiwe uliyemnyang'anya mwenye nayo mchana kweupe. Katika biashara hiyo sijaona mahali pa tatu pa kusimama.

Ndiyo maana naamini kipimo si kigumu kama tunavyojifanya. Kama kweli unaamini ni mtu mwenye shida, mlipe bei ya haki, mbele ya shahidi mmoja, muandikiane karatasi yenye jina na nambari ya kitambulisho. Mwenye shida atashukuru, na hata atalia. Mwizi ataondoka. Kwa mifugo tunajua siku zote: mtu mwenye akili hanunui ng'ombe wa mtu asiyemjua bila barua ya chifu. Sijui ni nani alituambia sola na pampu hazina wenyewe.

Tuje kwa Akani. Israeli walishindwa Ai, mji mdogo ambao hawakudhani ungehitaji jeshi lote, na watu thelathini na sita wakafa. Yoshua akararua nguo, akaanguka kifudifudi, akaanza kumuuliza Mungu kuhusu maadui. Mungu akamwambia ainuke. Shida haikuwa Ai, shida ilikuwa ndani ya hema moja kambini: vazi zuri, shekeli mia mbili za fedha na kipande cha dhahabu, vimefukiwa ardhini. Kambi ilikuwa na walinzi wa kutosha. Walinzi walikuwa wanaangalia nje.

Tumezoea kulihubiri hilo kwa habari ya baraka za mtu binafsi, kwamba dhambi iliyofichwa inazuia muujiza wako. Mimi nalisoma kama habari ya usalama. Wale thelathini na sita hawakula dhahabu ile. Hawakujua hata iko. Hapa kwetu pia, mama aliyeibiwa pampu hakujua kwamba mwezi uliopita mtu wa mtaa wa pili alinunua pampu nyingine bila maswali, na kwamba siku ile ile, kwa malipo yale yale, pampu yake ilikuwa imeshaagizwa.

Najua Akani aliishia kupigwa mawe, na hapo ndipo wale wa moto hunishika. "Pasta, si Biblia yenyewe imesema?" Basi tusome yote. Akani alihojiwa mbele ya watu, akakiri, vitu vikaenda vikatafutwa na kupatikana, ndipo hukumu. Na katika Kutoka 22 sheria ya Musa inatofautisha mwizi anayeuawa akivunja nyumba usiku na yule anayeuawa jua likiwa limechomoza: kwa huyo wa pili kuna damu mikononi mwa aliyeua. Mchana unaweza kumwona, unaweza kumshika, unaweza kuita watu. Huna sababu ya kumwua. Hiyo ni Agano la Kale, kabla ya msalaba. Katiba yetu ya 2010 nayo inasema mtu hana hatia mpaka mahakama iseme. Na sisi wa Naivasha na Longonot hatuna haja ya kufundishwa na mtu wa mbali umati unaweza kufanya nini. Tunaikumbuka Januari 2008, watu walivyochomwa ndani ya nyumba, na hao hawakuwa wameiba kitu.

Mwaka jana, katika kituo kimoja cha barabara hii kubwa, nilikuta umati umemzunguka kijana. Mtungi wa gesi ulikuwa kando yake. Damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kola. Mimi na madereva wawili wa lori tulisukumana mpaka katikati, tukamfunika, na gari la polisi likafika baada ya muda ambao sitausahau. Lakini si hilo nataka kuwaambia. Kabla polisi hawajafika, yule kijana alisema, "Si mniulize nauzia nani." Akaanza kutaja jina. Alipigwa kofi la mdomo kabla jina halijaisha. Sikujua ni nani aliyempiga, na sikusikia jina. Nilichoona ni kwamba hakuna hata mmoja, katika watu kama mia moja waliokuwa wanadai wanataka wizi uishe, aliyesema, "Mwacheni amalize."

Ndugu zangu, kwa nini? Kama tulikuwa tunatafuta usalama, jina lile lilikuwa na thamani kuliko kijana mwenyewe. Kijana akifa leo, mnunuzi atapata kijana mwingine kabla ya Ijumaa. Nimefikia kuamini kwamba hasira ya umati wakati mwingine si ya aliyeibiwa. Ni ya mtu anayeogopa kutajwa.

Nyumba Kumi ilianzishwa Kenya mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate lililoua watu 67, na wazo lenyewe lilitoka kwa majirani zetu Tanzania, ambako mabalozi wa nyumba kumi walikuwepo tangu enzi za TANU. Kwetu wengi tunaiona kama ya kuripoti wageni: nani amehamia, nani analala mchana, nani ana mlio wa ajabu usiku. Ni sawa, lakini ni kuangalia nje tena, kama walinzi wa Yoshua. Nyumba kumi zinazojuana zingeweza kukubaliana jambo moja dogo tu: katika nyumba hizi, hakuna anayenunua kitu cha mkononi bila karatasi na shahidi. Halafu kila mtu apige chapa vitu vyake, nambari ya sola iandikwe daftarini, nambari ya simu ile inayotokea ukibonyeza *#06# ihifadhiwe. Bei ya mali ya wizi itaanguka hapa hapa Longonot, na biashara isiyo na bei hufungwa.

Nilisoma chuoni utafiti wa Chicago, Marekani, uliotolewa 1997 na Robert Sampson na wenzake, waliolinganisha mitaa 343 ya mji ule. Waligundua kwamba umaskini peke yake haukueleza yote. Mitaa ambayo majirani wanaaminiana na wako tayari kuingilia jambo, kumwuliza kijana "unafanya nini hapa", ilikuwa na vurugu kidogo kuliko mitaa mingine ya hali kama yake. Niliposoma sikuona ajabu sana. Bibi yangu alikuwa na uwezo huo, kijiji kizima, kwa kukohoa tu.

Wengine mtaniuliza kuhusu vijana wenyewe: tukifunga soko watakula nini? Ni swali la haki, na Waefeso 4:28 haimwachi mwizi hewani, inampa kazi ya mikono yake mpaka awe na cha kumpa mhitaji. Idara ya vijana inaongea na mafundi wawili wa sola na mmoja wa pikipiki, na Mchungaji ataeleza yakikamilika. Lakini niseme wazi, mtu anayenunua mali ya wizi hasaidii vijana. Anawalipa ujira mdogo kuliko kibarua yeyote, kwa kazi inayoweza kuwaua.

Imebaki sehemu ya mwisho, na ndiyo iliyonifanya niandike. Wako miongoni mwetu ambao kitu kiko nyumbani sasa. Umeisoma karatasi hii ukiwa umekaa karibu nacho. Sitaki uende ukakitupe mtaroni usiku, maana mwenye nacho hatakipata. Walawi 6 inasema mtu wa namna hiyo arudishe kitu kamili na kuongeza sehemu ya tano, na ampe mwenyewe siku ile ile anapoleta sadaka yake ya hatia. Zakayo alivuka hata hapo, akasema mara nne, na Yesu hakumwambia apunguze.

Najua unachoogopa. Unaogopa kwamba ukikipeleka kwa chifu au kituoni wewe ndiwe utakayelala ndani, na mwizi atakuwa anatembea. Siwezi kukuahidi kwamba hutaulizwa maswali magumu. Wala siwezi kukipokea hicho kitu na kukiweka ofisini, kwa sababu kifungu kile cha 322 hakina nafasi ya mchungaji. Ninachoweza ni kwenda nawe. Nimeshaongea na wakili mmoja, ndugu katika Bwana, ambaye amekubali kumsikiliza mtu yeyote bila malipo kwanza, kabla hatujatoka. Tutaongea naye, kisha tutaenda pamoja mchana, kwa miguu au kwa pikipiki mbili, na kama mwenye kitu anajulikana tutapitia kwake pia, na nitasimama hapo ukisema.

Jumatano baada ya maombi ya mchana nitakuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa. Usiingilie mlango mkubwa kama hutaki kuonekana. Zunguka upande wa tanki la maji, mlango hautakuwa na kufuli.